Kanuni za bahari zianzie madikoni

Ndugu Mhariri,

Nimesoma habari yenu kuhusu uvuvi haramu katika mwambao wa Tanga. Ilieleza kwa kirefu doria na faini. Mimi naomba tujadili nani anatunga kanuni zenyewe.

Profesa Elinor Ostrom wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alitumia maisha yake kuchunguza jambo hili. Alianza miaka ya 1960 huko California, ambako watumiaji wa maji ya ardhini walikaa wenyewe wakapatana namna ya kuyatumia, yasije yakaingiliwa na chumvi ya bahari. Baadaye alifuatilia malisho, misitu na uvuvi, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alionyesha kuwa mali ya pamoja hudumu pale watumiaji wanaposhiriki kutunga kanuni, walinzi wanapowajibika kwao, na adhabu inapoanza ndogo kisha ikapanda kwa anayerudia.

Sheria yetu ya Uvuvi ya mwaka 2003 inavitambua vikundi vya wavuvi vya kusimamia uvuvi, yaani BMU (Beach Management Units). Lakini kwenye diko letu, yaani pale vyombo vinapofikia na kushusha samaki, kikundi huitwa kusomewa uamuzi uliokwisha kupitishwa, ilhali wazee wa ngalawa ndio wanaojua kila mwamba na msimu wake! Naziomba halmashauri zilete rasimu za sheria ndogo madikoni kwanza, Tongoni na Kigombe, zijadiliwe na wavuvi pamoja na kina mama wachuuzi wa samaki, ndipo zifike baraza la madiwani. Sehemu ya ushuru wa samaki nayo ibaki hapo, inunue mafuta ya boti ya doria.

Mvuvi mstaafu,
Tanga