Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Njia za Miguu na Baiskeli Malindi

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nguvu zetu nyingi tumezielekeza kwenye jambo moja, nalo ni kuwaketisha pamoja maafisa wa afya na maafisa wa barabara. Mwenzetu mmoja, mama mkaazi wa Muyeye, alishauriwa kliniki kwamba akitembea kila siku sukari yake itatulia. Akatii, lakini wiki ya pili akakoswakoswa na bodaboda kwa kuwa barabara aliyoipita haina ukingo wa mwenda kwa miguu, na tangu hapo hatoki. Ushauri ule ulikuwa sahihi, maana Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, na kutembea kwa haraka ni mojawapo. Kilichokosekana ni njia.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi kaunti huduma za afya pamoja na barabara za kaunti na taa zake, kwa hiyo anayemtibu mgonjwa wa presha ndiye pia mwenye jukumu la kumtengenezea pa kupita. (Barabara kuu iendayo Mombasa ni ya serikali ya kitaifa, nayo tutaifuatilia peke yake.)

Katika vikao vyetu, ombi nililolishikilia zaidi ni kwamba daftari la majeruhi wa ajali, bila majina yao, limfikie mhandisi, kwa sababu hospitali ndiyo inayojua watu wanagongwa wapi na saa ngapi, ilhali mwenye kuweka matuta na vivuko ni mwingine. Tuliomba pia mwendo karibu na shule usizidi kilomita 30 kwa saa, na miarobaini ipandwe kandokando, kwani jua la Februari humrudisha mtu nyumbani hata penye njia nzuri.

Kuhusu baiskeli, naomba tusiwahubirie wavuvi na wachuuzi wanaoziendesha tangu alfajiri. Hao mazoezi wanayo. Wanachohitaji ni usalama.

Hesabu za fedha zimo katika taarifa ya mweka hazina. Kabla ya kikao kijacho, kila mwanachama autembee mtaa wake, aandike panapomtia hofu, kisha amkabidhi katibu.

Mwenyekiti