Barua kwa Rukia: Nyumba ya Manda

Mkomani, Lamu
Jumatano usiku

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaikum. Huku wazima, alhamdulillahi. Mama goti linamsumbua tangu kusi ianze, ila mdomo haujambo kabisa. Najua ilikuwa zamu yangu kuandika, na najua umeshaanza kunihesabia miezi. Wacha. Ya harusi ya Maimuna nitakusimulia tukionana, maana mengine hayaandikiki.

Kilichonikalisha hapa na kalamu ni wale wageni wako. Ndiyo, wako! Si wewe uliyenipigia ukasema, "Nimekupatia kazi, watu wastaarabu, wana kiwanja chao kisiwani Manda, ng'ambo yenu, wanataka uwachoree nyumba ya kupumzikia"? Sasa kaa usikilize ustaarabu wao.

Siku ya kwanza bwana aliniambia anataka nyumba isiyoonekana, iliyojificha ndani ya miti na mawe, mtu akipita na mashua asijue kama pana watu. Nikasema leo nimepata mtu. Usiku akaanza kunitumia picha kwenye WhatsApp, moja juu ya nyingine: ghorofa mbili, ukuta mzima wa kioo unaotazama Shela, paa la makuti linalokwenda mbinguni, bwawa la kuogelea mbele, taa za kumulika ufuo usiku kucha, na mikoko yote ya mbele ikatwe "ili tuyaone maji". Hiyo ndiyo nyumba isiyoonekana!

Nikamuuliza, na hapo kujificha ni wapi? Akanijibu: makuti.

Rukia, nani aliwaambia watu hawa kwamba makuti ndiyo mazingira? Simamisha sanduku la zege, livishe makuti, basi limekuwa sehemu ya msitu. Wewe umekulia Malindi kati ya majumba ya Waitaliano, sina haja ya kukueleza makuti yakishika moto siku ya upepo jirani hupatwa na nini. Na usidhani nayachukia. Nimelala chini ya makuti maisha yangu yote. Lakini Manda haina maji, na mimi silali usingizi kwa ajili ya hayo maji.

Sisi upande huu wa Lamu tunakunywa kwa hisani ya michanga ya Shela, vile vilima vya mchanga. Mvua inazama mle, inakaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini, visima vinateka. Ndiyo maana watu hupiga kelele kila mtu akitaka kujenga juu ya ile michanga. Ng'ambo, Manda, hakuna hazina hiyo. Ni mwamba wa matumbawe, na kisima ukichimba unapata chumvi. Nenda Takwa, yale magofu ya mji wa kale huko Manda, ukaone: msikiti umesimama, ukuta wa mji umesimama, watu hawapo tangu karne ya 17. Wengine husema ni ugomvi na watu wa kisiwa cha Pate uliowahamisha, wengine husema visima viliingia chumvi, na mimi niko na hawa wa pili. Walivuka wakahamia Shela, na mpaka leo watu wa Shela huenda pale Takwa, kwenye kaburi la kale, kuomba mvua. Kiwanja cha wageni wako hakiko mbali na Takwa. Bwana anataka bwawa la kuogelea.

Nikamfanyia hesabu mbele ya macho yake. Bwawa alilolichora ni mita 8 kwa 4, kina mita moja na nusu, hizo ni lita 48,000, na jua la kaskazi linakunywa kila siku, ujaze tena. Mvua yetu kwa mwaka ni karibu milimita 900. Paa bapa la mita 100 za mraba, la sakafu ya chokaa kama za wazee wetu, lenye makopo ya kutolea maji, lingeweza kukusanya hadi lita 90,000 kabla ya kutoa zinazopotea, zikaingia kwenye birika chini ya kiwanda, yaani ua wa ndani, wakanywa, wakapika, wakaoga. Makuti hayakupi hayo. Yanakupa maji ya rangi ya chai yenye mavi ya popo. Akanitazama. Akasema, "Lakini paa bapa halina mvuto."

Halina mvuto! Kule juu ndiko tulikokuwa tukianika samaki na kusengenya mtaa mzima.

Na hapo aliposema anataka vyumba vipana vya mita 6 vyenye dari ya boriti ndipo nilipokunywa maji. Amesoma mahali kwamba vyumba vya Lamu ni vyembamba kwa sababu ya mila. Mila gani? Boriti ya mkoko ukiipitisha mita 3 inaanza kulegea, ndiyo hadithi yote. Tangu Mji wa Kale uingizwe kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001 kila mwenye pesa anataka "nyumba ya Kiswahili", na maana yake ni mlango wa nakshi na zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Huyu wako anataka zidaka chooni, aweke shampuu. Bibi yangu angezirai.

Sijamkatalia kila kitu. Nimemchorea nyumba iliyorudi nyuma, kwenye mwamba mgumu, nyuma ya mikoko na mibuyu yote iliyopo, hakuna hata mti mmoja wa kukatwa. Ghorofa moja. Vyumba vidogo vidogo vimezunguka kiwanda, kila kimoja kinafuata kimo cha ardhi, kuta nene za mawe ya Manda yenyewe, madirisha madogo upande wa jua na makubwa upande wa kusi. Makuti nimemwachia baraza moja tu, mbali na nyumba, apige picha zake. Kuta ni chokaa iliyochanganywa na mchanga wa palepale, bila rangi, basi kutoka majini utaona rangi ya ufuo na miti, hutaona nyumba. Na saruji hapana: matumbawe ukiyapiga plasta ya saruji, chumvi iliyomo haina pa kutokea, inasukuma mpaka plasta inabanduka. Mwenyewe umeona zile nyumba za Langoni.

Mikoko ndiyo iliyotugombanisha hasa. Nimemwambia ile mikoko ndiyo inayoshika ufuo wake, akiing'oa, kiwanja kitaanza kupungua, na tena haikatwi bila kibali cha watu wa misitu. Amesema "tutaona". Neno hilo la wenye pesa silipendi. Taa nazo: ng'ambo ya pili, ufuo wa Shela, kasa hupanda kutaga, na vifaranga vyao hufuata mwanga vikidhani ni bahari. Hilo alilisikiliza kidogo, kwa sababu anataka kuwaona kasa.

Sasa kuna kontrakta mmoja, simtaji, amemshika sikio. Amemwahidi kisima kirefu na mashine ya kutoa chumvi, jenereta juu yake. Sawa, mashine zipo. Lakini yale maji makali yanayobaki baada ya kuchuja yatamwagwa wapi? Kwenye mikoko ileile. Na dizeli itavushwa na nani, na kila...

Basi. Ninachotaka kwako ni kitu kidogo. Mke wake ndiye mwenye masikio. Siku tuliyokwenda kiwanjani, bwana anapiga picha, yeye aliniuliza upepo huingilia wapi na wapishi watapata maji wapi. Hakuna mwingine aliyeuliza. Lakini mbele ya mumewe hasemi, na mimi si mtu wao. Wewe ni mtu wao, umekula chumvi yao. Mpigie. Usimwambie nimekutuma, mwambie umesikia tu.

Jumamosi maji yakijaa nawapeleka Takwa, maana mkondo ule haupitiki maji yakitoka. Nataka wavione vile visima kwa macho yao kabla kontrakta hajafika Jumatatu na tepu yake.

Na jambo la pili: yule mzee aliyekandika msikiti wa mtaani kwenu, bado anapanda ngazi? Anatoza kwa siku au kwa kazi? Chokaa analoweka mwenyewe au siku hizi ananunua ya mifuko? Atakubali kuvuka na kulala Manda, au nimtafutie nyumba Shela? Ana kijana yeyote anayemfundisha? Na wewe lini unakuja, au mpaka nijenge hoteli? Mwanao alipata ile shule? Athman amerudi baharini au bado yuko barazani anasubiri "kazi nzuri"? Nijibu kabla ya Ijumaa, hata kwa ujumbe mfupi.

Nisalimie mama mkubwa na nyumba nzima.

Wako,
Mwanaesha

Nimesahau: sufuria yangu kubwa ya pilau iko kwako tangu Idi. Mpe kondakta wa basi la Mokowe, nami nitaipokea jetini.