Barua ya wazi kwa Afisa Kazi Mfawidhi, Mkoa wa Mwanza

YAH: SIKU ZA WODINI KUKATWA KWENYE LIKIZO YA UZAZI

Ndugu Afisa Kazi,

Nakuandikia kutoka Igoma. Mwaka 2023 nilikuwa nikikata minofu ya sangara katika kiwanda kimoja hapa Mwanza, kazi ya kusimama shifti nzima ndani ya gambuti, vidole vimekufa ganzi kwa barafu. Mimba ilipofika wiki ya 28, asubuhi moja gambuti ziligoma kuingia miguuni, na macho yakaanza kuona vimulimuli. Kliniki presha ikasoma 170 kwa 110. Sikurudi hata nyumbani kuchukua kanga, nikalazwa siku ileile.

Nililala wodini siku 28. Wiki ya 32 presha ikakataa kabisa kushuka, nikapasuliwa. Binti yangu alikuwa na gramu 1,450. Alilishwa kwa mpira wa puani, maziwa niliyoyakamua kwenye kikombe tone kwa tone, na muda uliobaki nilimfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, nikisinzia nimekaa kwa kuogopa kumlalia.

Bado nimembeba hivyo, ofisi ikapiga simu: siku zako 84 zimekwisha. Walikuwa wameanza kuzihesabu siku niliyolazwa. Kwa hiyo 28 ziliisha kabla sijajifungua, zikabaki 56, yaani wiki 8. Hesabu mwenyewe, ndugu yangu: 32 na 8 ni 40. Walinitaka kwenye meza ya minofu wiki ambayo mtoto ndiyo kwanza alitakiwa azaliwe. Sikwenda. Nafasi yangu akapewa mwingine.

Najua sheria imerekebishwa. Tangu 2025, mama aliyejifungua njiti anaongezewa likizo kufidia wiki zilizobaki mpaka kufika 40, na siku niliyosikia nililia kwa furaha. Lakini nyongeza hiyo inaanzia mtoto anapozaliwa. Wiki ambazo mama amelazwa akipigania mimba isitoke hazimo. Na aliyelala wodini mwezi mzima, kisha Mungu akajalia akajifungua wiki zimetimia, huyo haongezewi kitu, na theluthi ya likizo yake imekwenda.

Waajiri wanashika kifungu cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinachoruhusu likizo ya uzazi ianze mapema daktari akithibitisha kuna haja. Kifungu hicho kiliwekwa kumlinda mama, sasa kinatumika kumpunguzia. Sheria hiyohiyo inatoa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, na 63 za mwanzo ni kwa mshahara kamili. Mwanamke anayenyemelewa na kifafa cha mimba ni mgonjwa. Aandikiwe ugonjwa. Siku zangu 28 zingeenea humo na nyingine zikabaki.

Kuna na hili la kutoa taarifa miezi mitatu kabla ya kujifungua. Hiyo ni kama wiki ya 27. Njiti wengine huja wiki ya 28, wakati mama ndiyo kwanza anatafuta ujasiri wa kumwambia msimamizi. Kuchelewa kwa karatasi kusimnyime mtu haki yake.

Ombi langu, ukipita kukagua viwanda, usiishie kwenye gambuti na glavu. Omba daftari la likizo, uone siku za waliolazwa zimeandikwa wapi. Bandikeni tangazo getini, kwa Kiswahili, herufi kubwa. Na huko wizarani wapelekee neno hili: kulazwa kabla ya kujifungua kusihesabiwe likizo ya uzazi.

Jirani yangu, wa kiwanda kingine, amelazwa tangu Jumatatu, mimba ina wiki 30. Jana jioni mumewe alikuja na karatasi ya daktari mkononi, akaniuliza ofisini akaombe likizo gani. Nimemwambia aombe ya ugonjwa. Wakimkatalia, nimemwelekeza aje kwako.

Wako,
Mama wa mtoto njiti, Igoma