Huyo "mshenzi mmoja" mbona ana jina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, najua kurasa chache na mpira umeshachukua nusu, lakini hili limenikaa rohoni tangu Jumapili niliposoma makala ya mwandishi wako kuhusu ile sinema ya binti wa Kijerumani, Sophie Scholl, aliyekatwa kichwa na serikali ya Hitler. Makala nzuri, sikatai. Kaeleza ushujaa wa binti, kaeleza kaka yake Hans, mpaka na sweta la binti kaliandika, halafu akifika kwa yule mhudumu wa chuo aliyewakamata anamalizana naye kwa mstari mmoja, eti "mshenzi mmoja akawaona akawachoma". Basi, kapita zake.

Mi hiyo sinema niliiona, tena sio kwenye ukumbi wa kiyoyozi huko mjini, niliiona banda umiza hapa hapa Mbagala, jero mlangoni, mabenchi ya mbao, feni moja na yenyewe imeelekezwa kwa mwenye banda. Ilikuwa ya kutafsiriwa, mkalimani anaongea juu ya sauti zao kama ilivyo kawaida, Hans akawa Hansi, Sophie akawa Sofia, na wale Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, akawa anawaita "jamaa wa usalama", watu wakacheka kile kicheko cha kuangalia nyuma kwanza. Vijana wa bodaboda walijaa kwa sababu ubaoni mwenye banda aliandika VITA YA HITLER kwa chaki, wakategemea vifaru na mabomu, kumbe sehemu kubwa ni binti na mpelelezi wamekaa mezani wanabishana. Nikasema hawa dakika kumi nyingi, watadai hela yao. Hawakutoka mtu.

Kwa ambao hawajaiona, kwa kifupi. Mwaka 1943, mwezi wa pili, jeshi la Hitler limetoka kupigwa Stalingrad kule Urusi. Hao ni wanafunzi wa chuo kikuu cha Munich, wanajiita Waridi Jeupe, wengine wao ni wanafunzi wa udaktari waliopelekwa mstari wa mbele Urusi mwaka wa nyuma yake wakahudumia majeruhi, wamerudi na waliyoyaona. Wanachapa karatasi za siri za kuwaambia Wajerumani wenzao kwamba vita imeshindikana na kwamba serikali yao ni ya wauaji, mojawapo ilisema wazi kwamba Wayahudi laki tatu wameshauawa Poland, hilo wanaliandika mwaka 1942 wakati watu wazima wa nchi nzima wanajifanya hawasikii. Tarehe 18 Februari Hans na Sophie wakaingia chuoni na begi limejaa karatasi, wanafunzi wako madarasani, wakaziweka kwenye korido na mbele ya milango, zikabaki, wakapanda juu kabisa, binti akausukuma mrundo mmoja kutoka kwenye ukingo wa ghorofa, zikamwagika chini ukumbini. Hapo ndipo mhudumu wetu akawaona. Akawakimbilia ngazini, akawashika, milango ikafungwa.

Hans mfukoni alikuwa na rasimu nyingine iliyoandikwa kwa mkono na rafiki yao Christoph Probst, akaichana, akataka kuitafuna, wakamuwahi. Karatasi hiyo ndiyo ikamchukua na Probst, kijana wa miaka 23, watoto watatu, wa mwisho bado mchanga. Siku nne tu baadaye, tarehe 22, wakapelekwa mahakamani kwa jaji Roland Freisler, yule mkalimani wetu alimwita Jaji Pilipili maana kazi yake ilikuwa kufoka tu, na jioni hiyo hiyo wote watatu wakakatwa vichwa katika gereza la Stadelheim. Hans 24, Sophie 21. Na hayo mahojiano ya mezani sio ya kutunga tu, maana mafaili ya Gestapo yalikuwa yamekaa kwenye makabati ya Ujerumani Mashariki mpaka ukuta wa Berlin ulipoanguka, watengenezaji wa sinema ya 2005 wakayasoma.

Sasa najua wapo watakaosema sisi inatuhusu nini, Wajerumani ni wale wale wa Songea waliotunyonga mwaka 1906, mpaka Rais wao kaja mwaka 2023 pale pale Songea kuomba msamaha. Jirani yangu wa benchi alisema hivyo hivyo. Nikamuuliza unamjua Bayume Mohamed Husen? Hamjui, na mimi nimemjua ukubwani. Mtoto wa hapa Dar es Salaam, kazaliwa 1904, baba yake askari wa Mjerumani na yeye akaingia jeshini bado mtoto katika vita ya kwanza, baadaye akaenda zake Berlin, akawa wetaa, akafundisha Kiswahili chuoni, akaigiza kwenye sinema zao kama "mtumishi Mwafrika", na mishahara ya jeshi aliyowadai yeye na ya baba yake hawakumlipa. Mwaka 1941 wakamkamata kwa kosa la kuwa na mwanamke wa Kizungu, wakamtupa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo 1944. Mtu wa Dar huyo. Kwa hiyo inatuhusu, tusirushiane maneno.

Nirudi bandani. Tulipofika pale mpelelezi ameshaanza kumwamini binti, maana binti kajitetea vizuri sana, kaulizwa mbona begi liko tupu kajibu naenda kwetu Ulm kufuata nguo alizofua mama, sasa yuko karibu kuachiwa kabisa, umeme ukakata. Giza. Watu wakapiga kelele, mwenye banda akasema tulieni naenda kutafuta mafuta ya jenereta, akakaa karibu saa nzima. Mle gizani ndipo ubishi ulipoanza.

Kijana mmoja akasema yule jamaa wa milango amelaaniwa. Mwingine akasema amelaaniwa kwa lipi, kazi yake si hiyo, ameajiriwa kulinda chuo, watu wamechafua ukumbi asiseme? Wakacheka. Mwingine, huyu anaendesha bajaji, akasema kwa taratibu, "Angejifanya hajaona. Anageuka tu, anafunga kamba ya kiatu, wakishapita basi." Wa kwanza akamjibu, akija mwingine akasema nawe uliona hukusema, utamlisha nani mwanao? Ikawa hivyo, maneno yanaruka juu ya vichwa, simu zinawaka tochi, na mimi nimekaa kimya kama nimepigwa ganzi.

Nilikaa kimya kwa sababu mimi nilikuwa mlinzi wa chuo, Mhariri. Miaka mingi, chuo kimoja hapa hapa jijini, nisikitaje. Miaka ya tisini mwanzoni kulikuwa na fukuto la wanafunzi, hela ya kujikimu inachelewa, siku hizi wanaita bumu, na chakula cha kantini kilikuwa kibaya hata sisi walinzi tulikuwa hatukili. Asubuhi tukawa tunakuta karatasi zimepenyezwa chini ya milango ya madarasa. Zimechapwa kwa saiklostaili, ile mashine ya kuzungusha kwa mkono, waliowahi kuitumia wanajua wino wake, ukikushika unakaa nao siku mbili, sabuni ya mche haiuwezi. Ofisi ikatuita walinzi wote ikasema atakayemuona mhusika atakumbukwa.

Nikamuona. Alfajiri kama saa kumi na moja hivi, kijana mwembamba, kainama mlangoni kwa chumba cha mihadhara, aliposikia buti zangu akasimama akanipa mkono kunisalimia, kumbe mkono wenyewe mweusi wino mpaka kwenye kiwiko. Karatasi zimo ndani ya daftari kubwa. Akasema, "Shikamoo kaka," na mimi wala sikuwa namzidi miaka kumi. Nikamwambia nionyeshe kitambulisho. Sikumpiga, sikumfokea, nilinakili jina na namba kwenye kitabu cha zamu kwa mwandiko mzuri kabisa. Yeye hakukimbia wala hakunibembeleza, aliniangalia tu ninavyoandika, halafu akaniuliza kama nina kibiriti. Nikamwambia sivuti.

Wiki ile ile akarudishwa kwao. Hakunyongwa, hakufungwa, sitaki mtu aje kusema nalinganisha chuo chetu na Hitler, sio kitu kimoja na sitafika huko. Kafukuzwa chuo, basi, kijana kutoka mkoani ambaye ukoo mzima labda ndio alikuwa wa kwanza. Mimi nikapewa bahasha ya shilingi elfu tano na buti mpya za ngozi. Zilikuwa buti nzuri kweli, zilinibana wiki mbili halafu zikanikaa, nikazivaa miaka sita, nikazipiga soli mara mbili kwa fundi wa Tandika.

Ndio maana nilipolisoma lile neno la mwandishi wako nikaweka gazeti chini. Mshenzi mmoja. Yule mtu ana jina, anaitwa Jakob Schmid, na nimemuomba mjukuu wangu anitafutie habari zake kwenye simu. Alikuwa mwanachama wa chama cha Hitler, ndio, na miguu ya kukimbilia ngazi alikuwa nayo, hilo simtetei. Lakini alipewa zawadi ya maki 3,000, hela yao ya Kijerumani, na wanafunzi wenyewe wa chuo kile, wenzake na Hans na Sophie, walikusanyika wakamshangilia wakipiga miguu chini, naye kasimama kanyoosha mkono juu. Wanafunzi! Waliokuwa wanakaa nao darasa moja! Sasa hao nao ni washenzi wangapi? Na mkuu wa chuo ambaye walipelekwa ofisini kwake kwanza kabla ya Gestapo, yule msomi, mbona kwenye makala hayumo kabisa? Vita ilipoisha Schmid akahukumiwa miaka mitano ya kambi ya kazi, akasema alichosema kila mtu wa aina yetu, kwamba alikuwa anatimiza wajibu wake, asingeruhusu mtu yeyote kutupa karatasi pale hata zingekuwa za nini. Mjukuu aliponisomea hapo nikamwambia azime simu. Mimi maneno hayo nimeshayasema, tena kwa mke wangu, usiku ule niliporudi na buti.

Mwandishi wako kamsifia binti mpaka basi, na anastahili. Ila binti kama yule mimi kwa miaka sitini na kitu nimekutana naye labda mara moja, na nilimnakili kwenye kitabu cha zamu. Watu wa milango ndio tuliojaa, mahospitalini, mashuleni, kwenye mageti, kwenye ofisi za serikali za mitaa. Ukituita washenzi msomaji anapumua, anasema ah, kumbe sio mimi.

Jenereta ikawaka. Mpelelezi akapigiwa simu kwamba kule wanakokaa ndugu hawa zimekutwa stempu nyingi mno, za kupostia karatasi zao, mambo yakageuka pale pale, binti akaona sasa hakuna njia, akakubali, akasema ndio, na ninajivunia. Yule mpelelezi akamtengenezea hata kichochoro cha kutokea, aseme tu kaka yake ndiye aliyempotosha, akakataa. Mkalimani hapo alikuwa ameacha utani. Kwenye kile chumba cha mwisho hakusema neno lolote, skrini ikawa nyeusi, tukabaki na jenereta inanguruma nje. Halafu mwishoni zikaonekana karatasi zao zikianguka kutoka angani, maana ni kweli, ile ya mwisho ilitoroshwa nje ya Ujerumani ikafika Uingereza, ndege zao zikaimwaga juu ya miji ya Ujerumani kwa mafungu mwaka huo huo 1943.

Tukatoka. Yule wa bajaji akanisogelea pale kwenye kibanda cha chipsi, kijana mwenye adabu, wanajua hapa mtaani kwamba nililinda chuo, akaniuliza, "Eti mzee, wewe ungefanyaje?"

Nikamjibu ningejifanya sijaona, ningewafungulia mlango wakapita zao. Akanishika bega akasema, "Nilijua tu mzee wetu."

Kwa hiyo Mhariri nina ombi moja, na ukinikatalia hili bora barua yote uitupe. Chini hapo usiweke jina langu, andika Mbagala inatosha, kwa sababu vijana wa kijiweni wananunua gazeti lako kwa kuchanga na wanalisoma kwa zamu, na yule wa bajaji ndiye huwa anawasomea wenzake kwa sauti.

Ni mimi mlinzi mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam