Barua kwa mwanangu: laki saba na laptopu ya mtumba

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Hujambo baba? Marahaba ya shikamoo zako, nilizipata. Kuhusu laptopu, laki saba ipo na Jumamosi utaipata kwenye simu. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu maelezo haya ni ya kwenda nayo dukani, uyafuate moja baada ya jingine huku muuzaji akikusubiri. Akikuharakisha, ondoka. Arusha haina duka moja.

Usinunue mpya. Kwa hela hiyo, mpya utakayopewa ni ya prosesa (ubongo wa mashine) dhaifu ya Celeron, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya 4 GB iliyochomelewa kwenye bodi, na hifadhi ya 64 GB ambayo Windows na masasisho yake wataimaliza peke yao. Huwezi kuiongezea kitu. Chukua mtumba wa ofisi, zile ambazo kampuni za nje huzitumia miaka mitatu minne kisha huziuza kwa mafungu. Zimeundwa ili fundi azifungue: RAM inatoka, diski inatoka, betri inabadilishwa. Kwa bajeti yetu tafuta Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 au Dell Latitude 5490, zote za mwaka 2018.

Lakini usinunue jina. Nunua prosesa. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha 8. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa Performance, usome namba ya prosesa. Ikiandikwa i5-8250U au i5-8350U, ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi. Ikiwa namba ni ndefu, kama i5-10210U, basi ni kizazi cha 10. Hapa ndipo watu wanapopigwa: EliteBook 840 G5 zipo zenye i5-7300U ndani ya bodi ileile yenye stika ileile. Muuzaji atakwambia "hii G5, na Windows 11 imo tayari", na kweli utaiona imo, kwa sababu mafundi wanajua kuilazimisha. Iliyolazimishwa inafanya kazi leo, ila Microsoft haiahidi kuipa masasisho, na siku sasisho kubwa likigoma utatafuta fundi katikati ya mitihani. Kizazi cha 7 kirudishe mezani hata akishusha bei laki moja.

Ukurasa huohuo utakuonyesha RAM, nayo iwe 8 GB, na diski, nayo iandikwe SSD, ile ya kasi. Ukiona HDD, ile ya zamani inayozunguka, mashine itachukua dakika kadhaa kuwaka na kila kitu kitakuwa kizito. Waambie waweke SSD ya 256 GB mbele ya macho yako.

Sasa betri, ndiyo inayodanganya kuliko vyote. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, ifungue, kisha andika:

powercfg /batteryreport

Itakwambia imehifadhi faili wapi. Lifungue, utafute mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo iliozaliwa nao, na FULL CHARGE CAPACITY, yaani uwezo uliobaki. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Ukikuta 50,000 na 30,000, imebaki asilimia 60. Chini ya hapo dai punguzo la bei ya betri, na chini ya 40 dai betri ibadilishwe kabla hujalipa. T480 nyingi zina betri mbili, moja ya ndani na moja inayochomolewa kwa nyuma, na ripoti inazitaja kila moja peke yake, kwa hiyo piga hesabu mara mbili. Ukikuta asilimia 100 kamili kwa mashine ya 2018, usishangilie. Huenda ni betri mpya, huenda ni ya bandia inayojisemea uongo. Chomoa chaji, cheza video dakika 20 ukiangalia asilimia. Ikianguka kwa kishindo, kwa mfano kutoka 90 hadi 55, umeshajua.

Kisha iweke juu ya meza ya kioo. Ikiyumba, au ile sehemu ya kusogezea kidole imeinuka na haibonyezeki vizuri, betri imevimba. Hiyo usiijaribu hata ukipewa nusu bei, betri iliyovimba inaweza kushika moto.

Iwashe upya huku ukibonyeza F1 kwa Lenovo, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Utaingia BIOS, yaani kurasa za mipangilio zinazokuja kabla ya Windows. Ikikuomba nywila asiyoijua muuzaji, iache, kwa sababu hutaweza kubadilisha mipangilio ya msingi na fundi atakayeifungua atachokonoa bodi. Na kuna kufuli jingine ambalo wengi hawalijui. Mwombe muuzaji aifute Windows mpaka irudi kwenye zile kurasa za mwanzo za kuchagua nchi na kibodi, kisha uiunganishe na hotspot ya simu yako. Ukitokea ukurasa unaotaja kampuni au shule fulani ya ng'ambo na kudai barua pepe ya kazini, basi mashine bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa zamani. Bila intaneti ukurasa huo hautokei, ndiyo maana dukani huwa huuoni. Utauona siku utakapofuta mashine mwenyewe ukiwa chumbani.

Mengine ni ya dakika kumi. Fungua Notepad ubonyeze kila kitufe. Zilizotoka Ujerumani zina Z na Y zimebadilishana nafasi na zimebandikwa stika juu, ambazo zitabanduka. Fungua ukurasa mweupe uujaze kioo kizima utafute mabaka. Ifungue na kuifunga mara tano ukisikiliza bawaba. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Itikise chaji kidogo ikiwa imechomekwa: ikikata na kurudi, tundu la chaji limelegea. Soma maandishi ya chaji yenyewe. Inatakiwa 65 W, utaona volti 20 na ampea 3.25 kwa Lenovo, au volti 19.5 na ampea zaidi kidogo ya 3.3 kwa HP na Dell. Ukichomeka chaji ambayo Dell haiitambui, mashine inajipunguza kasi kwa makusudi na betri haijai, halafu watu husema laptopu ni mbovu.

Dai risiti ya EFD, na waranti ya angalau mwezi mmoja kwa maandishi, yenye serial namba ya mashine hiyo. Neno la mdomo halina waranti.

Ukifika chumbani, kwenye programu ya Lenovo au Dell, na kwa HP ndani ya BIOS, kuna sehemu ya kuzuia betri isijae kupita asilimia 80. Iwashe, kwa kuwa utakuwa umechomeka muda mwingi, na betri inayokaa imejaa huku ina joto huchakaa haraka. Umeme ukikatika, chomoa, na ukirudi subiri dakika tano hivi kabla ya kuchomeka, maana umeme hurudi ukiwa haujatulia. Na usiiweke juu ya kitanda. Blanketi linaziba matundu ya hewa, na vumbi la Arusha kiangazi lina kazi yake tayari. Mara moja kwa mwaka fundi aifungue, asafishe feni na kupaka upya ule ute wa kijivu unaopitisha joto kutoka kwenye prosesa. Akipuliza hewa, mwambie aishike feni kwa kidole isizunguke, vinginevyo anaiumiza.

Bando. Windows ikiona hotspot inadhani imepata mtandao usio na mwisho, inashusha masasisho usiku kucha. Nenda Settings, Network & internet, Wi-Fi, ufungue jina la hotspot yako, uwashe Metered connection, yaani uiambie kuwa mtandao huu ni wa bando. Fanya hivyo kabla ya kitu kingine chochote, siku ileile ya kwanza. Masasisho yashushe ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, lakini usiyazime kabisa.

Kivinjari weka Firefox, na ndani yake uongeze uBlock Origin. Inazuia matangazo yasishushwe kabisa, kwa hiyo unaokoa bando na muda, na muhimu zaidi unaepuka vile vitufe vikubwa vya DOWNLOAD vya uongo. Chrome imeacha kuikubali ile kamili, imebaki ndogo inayoitwa Lite. Kwenye simu ya Android, Firefox inaikubali ile kamili. Najua Chrome ndiyo uliyoizoea, na siyo mbaya, ila kampuni inayoishi kwa kuuza matangazo siitegemei inilinde na matangazo. Video za masomo ziangalie kwa 480p, ubao unasomeka vizuri.

Gemu sikukatazi. Gemu la mpira na marafiki Jumamosi jioni ni jambo zuri. Ila elewa mashine yako: kadi ya picha ya UHD 620, iliyomo ndani ya prosesa hizo, itacheza gemu za zamani vizuri, za leo itazibeba kwa shida huku feni ikilia. Usikubali gemu za kukreki za kwenye flashi, hasa ile ambayo maelezo yake yanakuambia uzime kwanza antivairasi. Nyingi za namna hiyo huja na mwizi anayechukua nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi, vile vinavyoiambia tovuti kuwa umeshaingia. Akivipata vidakuzi anaingia kwenye akaunti yako bila kuulizwa nywila wala ile namba ya uthibitisho.

Na kama utacheza gemu la mpira la EA FC kwenye PlayStation ya rafiki, usinunue pointi za kufungulia pakiti. Unalipa bila kujua utapata mchezaji gani. Mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba vifurushi vya aina hiyo ni kamari, na EA ikaacha kuuza pointi hizo nchini humo mapema 2019. Timu uliyoilipia haihami nawe kwenda toleo la mwaka unaofuata, unaanza sifuri. Sioni tofauti yake na mkeka.

Hela ikikuishia nipigie, usifungue programu ya mkopo wa simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Angalia inachoomba kabla hata ya kutaja kiasi: ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako. Hayo majina ndiyo dhamana. Ukichelewa siku moja, wanaandikiwa shangazi zako, wanafunzi wenzako na mwalimu wako kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" upeleke namba 15040, ya kuripoti utapeli. Na mara mojamoja piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda ikafutwe. WhatsApp nayo iwekee PIN ya tarakimu sita, iko Settings, Account, Two-step verification.

Limebaki la siasa, na hili naliandika nikiwa na uzito moyoni. Sitaki ukae kimya. Una miaka ya kupiga kura na una haki ya kusema barabara ni mbovu au ada ni kubwa. Ninachokuomba ni uikague habari kama utakavyoikagua hiyo laptopu. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha, na adhabu yake ni faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kujieleza kwamba wewe ulisambaza tu kwenye grupu ni mzigo ambao sitaki uubebe. Picha ibonyeze kwa Google Lens uone ilitokea lini kwa mara ya kwanza, nyingi ni za nchi nyingine na za miaka mingine. "Taarifa kwa umma" yenye muhuri itafute kwenye tovuti ya taasisi yenyewe inayoishia .go.tz, kwani muhuri kuukata na kuubandika ni kazi ya dakika mbili. Sauti ya kiongozi bila video wala mahali wala tarehe, iache hapohapo, maana sasa sauti ya mtu inaigizwa kwa programu.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikakaa hivyo siku kadhaa. Mimi naamini lilikuwa kosa, na aliyeumia zaidi ni mwanafunzi na mfanyabiashara mdogo. Kwa hiyo noti zako zishushe kwenye diski, usiziache mtandaoni tu. Weka elfu thelathini taslimu chumbani, na namba yangu, ya baba yako na ya shangazi wa Njiro ziandike kwenye karatasi.

Jumamosi nenda asubuhi, mwanga wa jua ndio unaoonyesha mikwaruzo. Kabla ya kulipa nipigie unisomee namba tatu: ya prosesa, ya DESIGN CAPACITY na ya FULL CHARGE CAPACITY. Simu nitakuwa nayo mkononi.

Mama yako