Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Wakulima wa Muhogo, Mkuranga

Mheshimiwa Mtendaji wa Kijiji, Bwana Shamba wa Kata, wajumbe wa kamati na ndugu wanachama,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru mliofika. Ambao hawajafika nina maneno yao huko mbele, naomba majirani zao wawafikishie.

Kama katiba inavyotaka, nasoma kazi za chama kuanzia Januari hadi Desemba 2024. Ya kawaida nitayapitia haraka, mnayajua. Tulilima shamba la chama ekari 2, tukapanda mwishoni mwa Machi, mashina kama 8,000 kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja. Palizi tulifanya mara mbili. Tulizika wenzetu wawili, Mungu awalaze pema, na kila familia ilipewa rambirambi ya 50,000. Waliokopa ni 9, waliorejesha ni 6. Wageni walitutembelea mara mbili. Mvua za masika mnazikumbuka: wenzetu wa Rufiji waliondokewa na mashamba kwa mafuriko ya Aprili, na mwanzoni mwa Mei kikapita kimbunga Hidaya. Kwetu upepo ulilaza mihogo, na ile ya mabondeni iliyosimama ndani ya maji ilioza, lakini kwa jumla tulisalimika.

Mapato yote ya mwaka, yaani ada, faini, marejesho ya mikopo na mihogo iliyookolewa, ni shilingi 1,046,000. Matumizi ni 1,163,500. Pungufu la 117,500 nimelibeba mimi kutoka mfukoni mwangu, na naomba liingie kwenye kumbukumbu. Mhazini ana daftari, anayetaka alione aje kwa adabu.

Sasa nije kwenye jambo lililowaleta wengi leo, maana viti havijawahi kujaa hivi mwaka mzima. Jambo la kamati kung'oa mihogo ya shamba la chama mwezi Oktoba.

Mwishoni mwa Septemba nilikuwa narudi kutoka kuswali alasiri nikapitia shambani, kama nifanyavyo karibu kila siku bila kulipwa. Majani ya juu yalikuwa kijani tupu. Mtu akipita barabarani anasema mashallah. Lakini yale ya chini, makubwa, ya zamani, yalikuwa na umanjano unaofuata mishipa ya jani. Batobato kila mtu anaijua: jani linajikunja, lina mabaka, hata mtoto anakuonyesha. Huu ugonjwa mwingine, michirizi kahawia, ni mnafiki. Unakaa chini, unakusubiri siku ya kuvuna.

Nikachimbua shina moja la pembeni. Muhogo unene wa mkono wa mtoto, nje hauna kasoro. Nikaukata kwa panga kipande kipande. Cha kwanza cheupe. Cha pili cheupe. Cha tatu kina doa la kahawia katikati ya nyama, kavu, gumu, kama tumbaku iliyoshindiliwa humo ndani. Shina la pili vilevile. La tatu zima. La nne nililitupa bila kulimaliza.

Kesho yake nilimfuata Bwana Shamba kwa pikipiki yangu na mafuta yangu. Tulichimbua mashina 30 kwa kukatisha shamba zima, si kwa kuchagua. Yenye ugonjwa yalikuwa 19. Kuna bibi mmoja kati yetu, sitamtaja ila amekaa mstari wa mbele, aliokota kipande, akamega upande mweupe, akatafuna, akasema, "Mbona mtamu?" Ni mtamu, Bibi, sikatai. Lakini mama anayekaanga mihogo Mbagala Rangi Tatu haonji kwanza. Anauvunja, anauangalia ndani, akiona kahawia anakurudishia na gunia lako.

Hapo ndipo ninapotaka mnielewe. Mnasema mwenyekiti katupa milioni 2.8, kwa sababu yule mfanyabiashara alilitazama shamba akasema atatoa milioni 1.4 kwa ekari, tungoje Ramadhani, wakati mjini kila nyumba inatafuta muhogo wa futari. Ndugu zangu, yule alisema. Hakutoa. Hakuacha hata elfu kumi ya kishika uchumba. Hawa wanaonunua shamba likiwa limesimama tunawajua. Vijana wake wangechimba mstari wa kwanza, wangekata, wangeona tulichokiona, na Fuso lingegeuza. Tungebaki na mashimo na mihogo iliyokwisha toka ardhini, ambayo baada ya siku mbili tatu humpi hata mbuzi. Na kadiri mnavyoichelewesha ardhini ndivyo uozo unavyoongezeka. Aliyekuwa na nusu muhogo Oktoba asingekuwa na kitu Machi.

Halafu tukumbushane lile shamba lililimwa kwa ajili gani. Azimio letu lilikuwa liwe shamba la mbegu, kila mwanachama aje achukue vijiti vyake. Watu 64, kila mmoja abebe mzigo wa ugonjwa akaupande nyuma ya nyumba. Michirizi husafirishwa na inzi weupe, wale wadogo wanaoruka ukitikisa majani, lakini hao hawafiki mbali. Anayeusafirisha kutoka kijiji hadi kijiji ni sisi, kwa pingili tunazofunga nyuma ya baiskeli. Kama ningenyamaza, leo mngekuwa mnanishitaki kwa kosa kubwa zaidi, na safari hiyo mngekuwa na haki.

Wapo wanaosema kamati haikuwa na mamlaka. Katiba inasema shamba la chama huamuliwa na mkutano mkuu, na akidi ni nusu, yaani watu 32. Naijua, niliiandika mimi pamoja na marehemu katibu. Tuliita mkutano tarehe 5 Oktoba: walikuja 14. Tukaita tena tarehe 12: walikuja 11. Je, ningeita wa tatu ili waje 7? Tarehe 13 kamati iliamua, na tarehe 14, Siku ya Nyerere, tukijua ni mapumziko na watu wapo, tukaenda na majembe. Tulikuwa 8, na wawili kati ya hao ni wanangu. Mihogo iliyokuwa mizima tuliichambua kwa kukata ncha, tukapata magunia 11, yakauzwa 30,000 kila moja. Hiyo 330,000 imo kwenye mapato niliyosoma. Anayesema ililiwa ahesabu tena.

Ni kweli mbegu nilizileta mimi. Ni kweli zilitoka kwa shemeji yangu. Sijaficha. Yeye aliziita aina ya Kiroba, nami nilizitazama nikaona Kiroba. Bwana Shamba anasema nyingi zilikuwa Albert, na Albert mbele ya michirizi haina ubavu. Nilichukua kwake kwa sababu alikubali kulipwa nusu kwa nusu, na alikubali kwa undugu. Muuzaji wa mbegu iliyokaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, anataka fedha taslimu, na Machi mfuko wa chama ulikuwa na 96,000. Tukiulizana nani alileta mbegu mbaya, tuulizane pia nani hakulipa ada. Na wanaosema ugonjwa wenyewe nimeuleta mimi kijijini, Bwana Shamba yupo hapa. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga waliuandika tangu 1936. Mwaka huo baba yangu alikuwa hajaoa.

Nimesikia pia kwamba nimeng'oa ili shamba likatwe viwanja. Najua maneno haya yanatoka wapi, maana kila wiki gari la mjini linasimama barabarani mtu anashuka na futi. Shamba la chama lina hati ya kijiji, Mtendaji yupo, muulizeni. Na akina mama walioambiwa kwamba kisamvu walichochuma siku ile kina sumu, si kweli. Ugonjwa wa muhogo hauambukizi mtu. Nyumbani kwangu kililiwa siku tatu.

Kuhusu shamba langu mwenyewe. Nilikuwa na nusu ekari ya mbegu hiyohiyo, na maneno yamekuwa mengi: la chama limeng'olewa, la mwenyekiti linapepea. Nililing'oa lote mwezi Desemba. Sikufanya Oktoba kwa sababu nilikuwa nimechoka na kazi ya chama, na nyumbani kulikuwa na haja ya fedha. Kilichokuwa kizima nilikiuza, kama tulivyofanya cha chama. Sioni tofauti iko wapi, isipokuwa ya miezi miwili.

Lililoniumiza kuliko yote ni hili. Miti tuliyong'oa tuliirundika pembeni ya mwembe tuichome. Usiku mvua ya vuli ikanyesha, moto ukagoma siku tatu. Siku ya nne lundo lilikuwa limepungua nusu. Mbuzi hawafungi vijiti kwa kamba ya mgomba. Sasa hivi nikipita njia ya kisimani naiona mihogo hiyo imechipua kwenye mashamba manne ninayoyajua, na wenye mashamba wamo humu. Sitataja majina. Lakini Bwana Shamba ameshasema: hata tukipanda mbegu safi, jirani akibaki na iliyoumwa, inzi wataturudishia.

Mahudhurio na ada. Februari walikuja watu 27, Juni watu 14, na Oktoba mmesikia. Novemba sikuita, kwa kuwa watu walikuwa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, na wengine wenu mlikuwa wagombea, hilo nalielewa. Lakini Juni kulikuwa na uchaguzi gani? Siku wageni walipokuja na ikavuma kuna posho, tulihesabu watu 71 waliojiandikisha, na chama kina watu 64. Hao saba wa ziada, kama wamo humu, kiingilio bado ni kilekile.

Ada ni 1,000 kwa mwezi, haifiki bei ya vocha. Waliomaliza mwaka ni 21. Waliolipa vipande vipande ni 17. Ambao hawajatoa hata senti ni 26, na kati yao yumo mjumbe mmoja wa kamati, tena msemaji hodari. Kuna aliyeniambia atalipa akiona faida. Faida ya chama kisicholipiwa ada ndiyo hiyo mbegu ya mkopo. Faini za kutohudhuria zilizokusanywa ni 38,000 tu, kwa sababu mfuatiliaji wa faini naye hahudhurii.

Nafahamu maisha ni magumu, mimi mwenyewe nalima. Lumbesa bado inatunyonya: gunia linashonewa kilemba juu, unauza moja na nusu unalipwa moja. Njia ya kutoka mashambani ikinyesha hata bodaboda hazipiti, na muhogo hausubiri. Nguruwe pori wanachimba usiku, ndiyo maana wengine bado mnapanda ule mchungu pembezoni, nami siwalaumu, ila ulowekwe na uanikwe ipasavyo kabla ya kusagwa. Mambo haya yote tulipaswa kuyasemea kwa sauti moja huko wilayani. Nimeenda mara tano. Nimeenda peke yangu.

Mwaka huu, Mungu akipenda, tunatarajia kupata mbegu safi kwa msaada wa watu wa utafiti Kibaha, Kiroba halisi, Chereko au Mkuranga 1, itakayopatikana. Tunatarajia pia siku moja tuwe na mashine ya kukuna na ya kukamua, tutengeneze unga badala ya kukimbizana na muhogo mbichi. Mazungumzo yapo na yanaendelea vizuri, nikipata la uhakika nitawaeleza. Kamati imependekeza ada iwe 1,500. Najua mtanuna, lakini pendekezo liko kwenye ajenda na litajadiliwa.

Wale wa mashamba manne, Jumamosi asubuhi nitapita na jembe langu pamoja na Bwana Shamba. Hatuji kugombana. Mwenye shamba akishaanza mwenyewe kabla hatujafika, jina lake halitaingia kwenye muhtasari.

Mwisho, nimeona baadhi yenu mnanong'onezana kuhusu mihogo iliyochemshwa pale jikoni. Haikutoka shamba la chama, wala haikutoka kwangu. Imenunuliwa sokoni Kimanzichana kwa 18,000, na mhazini ana karatasi yake. Mhazini, tafadhali isome.

Mwenyekiti