Kwako dada, kuhusu kile kitabu

Shikamoo dada. Meseji zangu unazisoma hujibu, naona kabisa kama umesoma, basi nimeona niandike huku maana najua huku huwa unapita. Jina lako sitaji.

Mwaka umeisha lakini mi bado niko palepale msibani kwa mamdogo. Nilikua natafuta kitambaa kwenye mkoba kitabu kikadondoka, ukakiokota wewe. Ungenirudishia kimyakimya tu. Ukaangalia kava, mwanaume kifua wazi na kisu mkononi, ukakifungua katikati ukasoma kwa sauti mbele ya wamama wote, pale anapomwambia yule mwanamke "nimeua wengi, wewe siwezi", alafu ukanikazia macho ukasema, "Wauaji mnawapenda wenyewe, wakishawaingia majumbani ndo mnalia." Mama alikua amenishika mkono. Akauachia. Maneno yako nimeyamezea, ila ule mkono kuniachia, dada, nikifumba macho nauona.

Unadhani hivi vitabu vya mapenzi na wauaji navisoma kwa ajili ya yale mambo ya kitandani. Yapo, na yanasisimua kweli, mi mtu mzima siwezi kukuficha. Lakini vitabu hivi vingi ukurasa wa kwanza kabisa mwandishi anakuwekea onyo, humu kuna damu, kuna kulazimishwa, kama huwezi acha. Alafu sura moja anaongea mwanamke, sura inayofuata anaongea muuaji mwenyewe, unasikia anachowaza kabla hajanyanyua mkono. Moyo unakwenda mbio, na ukizidiwa unafunga kitabu, unakunywa maji, unarudi ukitaka. Mume wa mamdogo nani aliwahi kusikia anachowaza? Mtu wa salamu, mtu wa kubebea watu mizigo, we mwenyewe ulikua unatupigia mfano, mkitafuta mume tafuteni kama yule. Hakua na kava yule.

Na usiseme ni uchafu wa siku hizi. Alfu Lela Ulela nani alinisomea kama sio wewe? Mfalme miaka 3 anaoa usiku, alfajiri bibi harusi anauawa, mpaka akaja Shahrazadi akakaa kwenye kitanda hichohicho akaanza stori. Ulikua ukifika pale unashusha sauti, mi nakusogelea mpaka nakukalia mguu, nakwambia endelea. Mfaransa Charles Perrault nae mwaka 1697 akatoa ya yule mume mwenye ndevu za bluu, mke anapewa funguo zote anakatazwa chumba kimoja, anafungua anakuta wake waliotangulia wamekufa, funguo inaingia damu anaisugua haitoki. Watu wamekua wakisimuliana hivi miaka yote dada, kwasababu mwanamke anaingia chumbani na mtu asiemjua mpaka mwisho. Kuna watafiti wawili Marekani, Vicary na Fraley, mwaka 2010 walionyesha wanawake ndo wanaovutiwa zaidi na vitabu vya mauaji ya kweli kuliko wanaume, na hasa kikiwa na mbinu aliyotumia mtu kujiokoa. Nilivosoma hiyo nilikaa chini nikalia, maana miaka yote nilikua najiona mgonjwa peke yangu.

Mahali pamoja nakupa haki yako. Yule Ted Bundy, Mmarekani aliyeua wanawake wengi, akiwa na kesi ya kumuua mtoto wa miaka 12, mwaka 1980, mwanamke alikubali kuolewa nae mlemle mahakamani. Na vitabu vyetu vinalisha hilohilo, ati wengine wote amewaua ila mimi ananiona tofauti. Ni uongo, na huo uongo ndo utamu wenyewe, sikufichi, hata mi unanishika. Ila mi najua ninapousoma ni uongo.

Kwahiyo nasikia binti yako ameanza kuvisoma. Usimchanie tafadhali, na kama bado mdogo mwambie asubiri, vile ni vya watu wazima. Kaa nae umuulize, huyu mwanaume angekua ni wa kweli, anakufuata usiku, anakushikia simu, ungefanyaje? Mimi hakuna alieniuliza hivo na wala sikuharibika, nimeolewa na mtu mpole kabisa, ungemjua kama ungekuja harusini. Nilikuwekea kiti mbele mpaka saa ya mwisho nikamkatalia kila aliyetaka kukikalia.

Kile kitabu hakikua changu, dada. Cha mamdogo. Alinipa nimtunzie, akaniambia mumewe hataki kukiona ndani, tukikutana anasoma kurasa kadhaa alafu ananirudishia. Nilicheka. Nikamwambia mwanaume gani anaona wivu na karatasi, nae akacheka lakini alichelewa kidogo kucheka, na mi niliesoma wauaji wote hao kwenye vitabu sikuuliza kitu. Sijui ningekuambia saa ngapi, pale mbele za watu ningesemaje, marehemu hata hajafukiwa niseme kumbe ni chake?

Aliishia katikati, akakunja kona ya ukurasa. Ndo pale kilipofunguka mkononi mwako.

Uliondoka nacho. Kama hukukitupa nitumie, hata kwa mtu, usiandike chochote kama hutaki. Ile kona tu usiikunjue.